Kifua Kilinyamaza Tu

Ukikaa na vijana waliougua pumu utotoni, kauli huwa ile ile: iliniacha. Ilimwacha huyu alipoingia sekondari, yule alipobalehe, mwingine hakumbuki lini, aliona tu inhela imepitwa na tarehe na hakuna aliyekuwa ameitafuta. Nami nilikuwa kwenye kundi hilo. Kwa miaka mingi sikuamka usiku nimebanwa, sikuwekewa mvuke wa dawa, sikusikia ile filimbi kifuani. Mtu akiniuliza kama nina pumu nilimjibu "nilikuwa nayo", basi, tukaendelea na mengine.

Na nilikuwa nayo kweli kweli, si kikohozi cha wakati wa baridi tu. Ilianza kabla sijatimiza miaka mitatu. Mama hadi leo anaweza kuhesabu pumzi za mtoto aliyelala kwa kutazama blanketi likipanda na kushuka, na mwenye mtoto wa pumu anajua ujuzi huo unavyopatikana. Alijua pia mahali pa kutazama: ngozi iliyo kati ya mbavu, na kile kishimo cha chini ya koo. Vikianza kuingia ndani kila nikivuta hewa, hakuna kusubiri kupambazuke. Tulikuwa na inhela ya bluu ya kufungua kifua. Baadaye ikaja ya pili, ya kuzuia, nayo ilitumika kwa vipindi: kifua kikibana inatafutwa, kikitulia inarudishwa kabatini. Nyumba nyingi zenye mtoto wa pumu huishi hivyo na sioni wa kulaumiwa. Mtoto anayekimbia na kucheka haonekani kama mtu wa kunywa wala kuvuta dawa kila siku.

Nilipovunja ungo mambo yakatulia. Si ajabu. Watoto wengi hupata nafuu umri huo, kwa kuwa mirija ya hewa hupanuka mwili unapokua, na yale mafua ya utotoni yasiyoisha, ambayo ndiyo huchokoza pumu, hupungua. Wavulana ndio hupata nafuu zaidi. Kwa wasichana kibao hugeuka: kuanzia ujana na kuendelea, pumu huwasumbua wanawake kuliko wanaume. Hayo nyumbani hakuna aliyeyajua. Tulishukuru Mungu, mama akaacha kuhesabu blanketi.

Mwili, kumbe, ulikuwa umeshajipangia maisha yake. Ngazi nilizipanda nikiongea na simu, ili nipate sababu ya kusimama katikati. Kwenye netiboli nilijikuta golini, na nilipenda golini, au nilidhani napenda. Kicheko kikinoga kiliishia kwenye kikohozi. Kwaya ndiyo ingenifichua mapema kama kungekuwa na mtu wa kuzingatia: pale ambapo sauti ya kwanza yote iliunganisha mistari miwili kwa pumzi moja, mimi nilikata katikati, kimyakimya, nikadakia mbele. Mwalimu aliniambia nina tatizo la kupanga pumzi. Nilipanga sana. Hewa ndiyo ilikuwa haitoshi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloingia kwenye fomu ya hospitali. Fomu huuliza: unabanwa? Unaamka usiku? Unakosa kazi au shule? Nikajibu hapana mara tatu, kwa dhamiri safi. Aliyeishi na mirija myembamba tangu utoto hana kingine cha kulinganisha nacho; pumzi aliyonayo ndiyo anayoiita pumzi. Wapo hata ambao hisia yao ya kubanwa imefifia kiasi kwamba mirija huwa myembamba sana kabla hawajagundua, na madaktari huwaogopa wagonjwa hao kuliko wale wanaolalamika kila siku.

Kilichonipeleka kipimoni ni mafua ya kawaida yaliyoniachia kikohozi kisichotaka kuondoka. Nilikuwa na miaka 23. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema anasikia hewa inaingia vizuri. Kisha akakaa.

"Utotoni uliwahi kuwa na pumu?"

"Ndiyo, daktari. Lakini iliisha."

"Nani alikwambia imeisha?"

Nikatafuta jibu. Hakukuwa na mtu.

"Ulishawahi kupimwa mapafu kwa kupuliza?"

"Hapana."

"Basi hatujui kama iliisha. Tunajua kwamba ilinyamaza."

Akaniandikia spirometria. Kipimo chenyewe ni cha zamani: daktari Mwingereza John Hutchinson alikieleza mwaka 1846, akitumia pipa lililozama kwenye maji ambalo lilipanda kadiri mtu alivyopuliza. Siku hizi ni kifaa cha kushika mkononi kilichounganishwa na kompyuta, lakini kinauliza maswali yale yale mawili: una hewa kiasi gani, na unaweza kuitoa kwa kasi gani?

Kwanza nilivuliwa viatu nikapimwa urefu. Nilidhani ni utaratibu tu, kumbe namba zote zinasimama juu ya hapo, maana mapafu hulinganishwa na ya watu wa umri wako, jinsi yako na urefu wako. Urefu ukiandikwa kwa kukisia, majibu nayo yanakuwa ya kukisia. Nikakalishwa wima, miguu sakafuni, pua ikabanwa kwa kibanio, mdomo ukafungwa vizuri kwenye bomba la karatasi. Mpimaji alikuwa kijana mpole hadi pale kipimo kilipoanza.

"Vuta, dada. Vuta, vuta, mpaka pasiwe na nafasi... PULIZA! Endelea, endelea, endelea, bado ipo, isukume, bado ipo, usiachie, usiachie..."

Unadhani umemaliza, yeye anakwambia bado. Na kweli bado. Macho yanatoka machozi, kichwa kinazunguka, tumbo linajikunja, na kwenye skrini mstari unaendelea kutambaa. Puliza la kwanza alilitupa kwa sababu nilianza polepole. Wanataka mapulizo matatu yaliyofanywa ipasavyo, na mawili yaliyo bora yasipishane zaidi ya mililita 150, ili ijulikane kwamba hicho ndicho kiwango chako na si uvivu. Ukitoka pale unaelewa kwa nini wanakwambia usije umeshiba sana.

Kati ya pulizo na pulizo nilipata kuuona mchoro wangu. Hewa ikitoka, mstari hupanda ghafla hadi kileleni, halafu kwa mwenye mapafu yenye afya hushuka ukiwa umenyooka hadi chini. Wangu ulipanda vizuri, ulipoanza kushuka ukabonyea katikati kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi. Sikuhitaji kuambiwa. Kijana naye hakusema kitu, si kazi yake kusema. Alinipa salbutamoli, dawa ya ile inhela ya bluu, kwa spesa, lile kopo la plastiki la kuvutia dawa, akanikalisha robo saa, tukarudia yote upya. Ukabonyea tena, kidogo kuliko mwanzo.

Sasa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila kijana wa historia kama yangu alijue, kwa sababu karatasi yangu ingeweza kusomwa na mtu mwenye haraka nikaambiwa niko sawa.

Hewa niliyotoa katika sekunde ya kwanza, ile inayoandikwa FEV1, ilikuwa lita 2.6. Hiyo ni takriban asilimia 83 ya iliyotarajiwa. Watu wengi wamezoea kwamba kuanzia asilimia 80 kwenda juu ni salama, na kwa macho hayo nilifaulu. Hewa yote niliyoweza kutoa ilikuwa lita 3.55, nayo ni nzuri kabisa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili unapata asilimia 73. Kuna kanuni nyingine ya kale isemayo kwamba njia za hewa hazijaziba mpaka uwiano huo ushuke chini ya asilimia 70. Nikafaulu tena.

Daktari akachukua kalamu akazungushia ile 73.

"Hii kanuni ya 70 inawafaa wazee zaidi," akasema. "Uwiano huu hushuka na umri. Mzee wa miaka 75 akiwa na 70 sina neno naye. Wewe una miaka 23, mdogo wangu. Wenzako wako karibu na 87, na aliye chini kabisa kati ya wazima yuko kwenye 77 hivi. Wewe uko chini ya wa chini."

Kwa hiyo mapafu yangu yalikuwa na ukubwa wa kawaida, mirija ndiyo ilikuwa myembamba kuliko ukubwa huo. Ndio maana kwenye kwaya nilikuwa na hewa lakini haitoki kwa mpango. Baada ya dawa FEV1 ilipanda kwa mililita 150 tu. Kwa vigezo vya sasa, ili waseme mirija imefunguka kwa dawa, ongezeko linatakiwa kuzidi asilimia 10 ya kiwango kinachotarajiwa, yaani kwangu zaidi ya mililita 300. Sehemu ya wembamba ule haikuwa mkazo wa misuli unaolegezwa kwa mpulizo wa inhela. Ilikuwa imekaa.

Nikauliza kama ningekuwa natumia ile inhela ya kabatini kila siku yasingetokea haya. Jibu lake lilinishangaza, na nikaja kulisoma mwenyewe baadaye. Marekani na Kanada walifanya utafiti mkubwa unaoitwa CAMP, wakachukua watoto zaidi ya elfu moja wa miaka 5 hadi 12 wenye pumu nyepesi hadi ya wastani, baadhi wakapewa steroidi ya kuvuta, ile dawa ya kuzuia, kila siku kwa miaka kadhaa. Waliopewa walibanwa mara chache, walilazwa mara chache. Ukuaji wa mapafu yao, hata hivyo, haukuwa bora kuliko wa wenzao mwishoni mwa utafiti. Dawa ililinda maisha ya mtoto siku kwa siku, na hilo si dogo, lakini haikuandika upya ramani ya mirija.

Watoto wale wale waliendelea kufuatwa hadi utu uzima, na mwaka 2016 yakachapishwa majibu ya 684 kati yao. Ni robo tu, takriban, waliokuwa na mapafu yaliyokua kawaida na kushuka kawaida. Waliobaki waligawanyika karibu sawa kwa sawa: ambao mapafu hayakufika kilele chake, ambao yalifika yakaanza kushuka mapema, na ambao yalifanya yote mawili. Asilimia 11 walikuwa tayari na vipimo vya ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule uitwao COPD, ambao sisi tumezoea kuuona kwa wavuta sigara wa miaka 60. Hawa walikuwa hawajafika hata 30. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao mapafu yao yalikuwa chini tangu walipoandikishwa, na wavulana. Huo ndio upande ambao kaka zetu wanajidanganya: wao ndio dalili huwaacha zaidi, na wao ndio waliobaki nyuma kwenye mchoro.

Nilichokipenda zaidi, kama kupenda ndilo neno, ni cha Melbourne. Kule Australia walianza kuwafuata watoto wa miaka saba mnamo 1964, wakawapima tena na tena mpaka wakafika 50. Waliokuwa na pumu kali utotoni walikuwa na uwezekano wa kupata COPD mara 32 ukilinganisha na wenzao wasio na pumu. Ukisikia hivyo unadhani mapafu yao yalikuwa yakiporomoka. La. Yalishuka kwa mwendo ule ule wa watu wote, ila yalianzia chini. Pengo lililoonekana utotoni liliandamana nao hadi umri huo wa miaka 50, mistari miwili ikienda sambamba. Na waliokuwa na filimbi ya hapa na pale tu, ya wakati wa mafua, walikuwa karibu sawa na wasiowahi kuugua.

Mapafu ya binadamu hufikia kilele kati ya miaka 20 na 25, wanawake wakitangulia wanaume kidogo. Baada ya hapo ni kushuka, mililita 20 hadi 30 za FEV1 kwa mwaka kwa mtu asiyevuta sigara. Kwa maana hiyo umri wangu ule ndio ulikuwa umri wa kupimwa. Na ndio umri ambao hakuna anayekupima: kliniki ya watoto imeshakuaga, kliniki ya watu wazima hujaifikia, na huna dalili ya kukupeleka popote.

Nilirudi nyumbani na inhela ya aina moja, yenye steroidi ya kutuliza uvimbe na formoteroli ya kufungua mirija pamoja. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, tangu mwaka 2019 haupendekezi tena kwa mtu wa miaka 12 na zaidi kutegemea inhela ya bluu peke yake. Dawa ya kufungua iambatane na ya kutuliza uvimbe. Nesi alinitaka nimwonyeshe ninavyovuta. Nikavuta nilivyokumbuka, haraka na kwa mbwembwe. Akacheka. "Hiyo yote imeishia kooni." Akanifundisha kama mtoto: tikisa, toa hewa yote kwanza, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze, endelea kuvuta, shikilia hadi kumi, halafu sukutua mdomo uteme, la sivyo utaota utando mweupe wa fangasi. Ningeweka pesa zangu kwamba nusu ya wenye inhela hawajawahi kutazamwa wakivuta na mtu anayejua.

Mabadiliko yalikuja bila kishindo. Kikohozi cha kicheko kiliondoka kwanza. Halafu siku moja nilifika juu ya ngazi nikiwa bado naongea na simu, na mtu wa upande wa pili hakugundua kitu. Baada ya miezi kadhaa nilirudia spirometria: lita 2.79. Kwa hiyo sehemu ya ule wembamba ilikuwa uvimbe wa kimyakimya uliokuwa hai miaka yote ambayo nilisema nimepona, na ukatii dawa. Sehemu nyingine haikutii. Daktari hakunificha wala hakunitisha: hiyo iliyobaki ndiyo yangu, tunaitunza isipungue kabla ya wakati wake. Mashambulizi makali ndiyo huonekana kuandamana na kushuka kwa haraka kwa mapafu, hivyo lengo la dawa sasa ni yasitokee. Nilipata pia kifaa kidogo cha kupulizia asubuhi, cha mizani ya rangi: asilimia 80 kwenda juu ya kiwango changu bora ni kijani, 50 hadi 80 ni manjano, chini ya hapo ni nyekundu na safari ya hospitali bila mjadala. Kwa mtu kama mimi, ambaye hisia zake zimeshazoea, kifaa husema kweli kabla yangu.

Mazoezi sikukatazwa, kinyume chake. Nilifundishwa kupasha mwili taratibu kabla ya kukimbia, maana kinachobana ni ghafla ile ya hewa kavu nyingi kwa mkupuo.

Kazi ndiyo iliyoniumiza kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kujifunza saluni, na unga wa blichi ya kubadili rangi ya nywele una persalfeti, mojawapo ya visababishi vinavyojulikana vya pumu ya kazini. Wenzangu katika orodha hiyo ni waoka mikate na vumbi la unga, maseremala na vumbi la mbao, wapaka rangi za magari, na wanaosafisha kwa kemikali kali za kupuliza. Hizi ni kazi ambazo kijana huchagua akiwa na miaka 18 au 20, na hakuna anayemuuliza kama aliwahi kuwa na pumu. Mimi nilihamia upande wa kusuka, blichi nikawaachia wengine, na dirisha la upande wangu halifungwi hata wateja wakinung'unika. Sigara sikuwahi kuivuta. Ya kielektroniki nilipewa kwenye sherehe nikaambiwa ni mvuke tu. Mvuke niliujua nikiwa mdogo, ule wa hospitali. Huu si ndugu yake.

Mama nilimwonyesha zile karatasi. Alizitazama muda mrefu kwa mtu asiyesoma michoro.

"Kwa hiyo, mwanangu, hukupona?"

Nikamweleza habari za kilele, na mistari inayokwenda sambamba, na kwamba hata wale waliopewa dawa kila siku miaka kadhaa mapafu yao hayakukua kuliko ya wenzao. Hiyo ya mwisho niliirudia, kwa sababu niliona inakokwenda akili yake. Alinyamaza, akauliza swali ambalo sikulitegemea: mtoto wa dada, mwenye miaka saba, ambaye kifua chake kinampigia filimbi tangu anatambaa, yeye anaweza kupuliza hiyo mashine? Nikamwambia anaweza, kuanzia miaka mitano au sita watoto wengi huweza, na kuna mashine zinazowachorea mishumaa kwenye skrini ili waizime.

Alipimwa mwezi uliofuata. Alizima mishumaa yote, akataka kurudia. Karatasi yake iko kwenye faili moja na zangu, urefu wake umeandikwa juu kwa kalamu, na kila mwaka itaongezwa nyingine, kwa kuwa kwake yeye bado kuna miaka zaidi ya kumi ya kupanda.